Kati, Kituo, Kitovu na Kuu: Historia ya Neno la Kiingereza "Centre" na Tarjuma Zake

Mfasiri aliyepata kukaa na karatasi za serikali, za benki au za idara ya afya amekutana na neno la Kiingereza centre, pamoja na kivumishi chake central, mara nyingi mno. Central Bank kwa Kiswahili ni Benki Kuu. Health Centre ni Kituo cha Afya. Central Line, ile njia ya gari la moshi itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma, ni Reli ya Kati. Na ile nukta ambayo mwalimu wa hesabu huitia ubaoni kabla ya kuchora duara, aghalabu huitwa kitovu. Neno moja la Kiingereza limepewa maneno manne ya Kiswahili, wala manne hayo hayapokezani zamu: hakuna asemaye Benki ya Kitovu, na mtu akisema Reli Kuu atakuwa amesema jambo lingine.

Wako wanaouona mtawanyiko huo kuwa kasoro. Hoja yao yajulikana: istilahi njema ni ile ambayo kila dhana ina neno lake moja, na kila neno lina dhana yake moja. Tangu 1967, mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa na shughuli za serikali ya Tanzania zikaamriwa ziendeshwe kwa Kiswahili, kanuni hiyo imekuwa ikitajwa kila linapozungumzwa suala la kuunda istilahi. Kwa elimu ya kemia au ya umeme kanuni hiyo ni ya lazima. Lakini kuitumia juu ya centre ni kudhani kwamba centre lina dhana moja, na historia ya neno lenyewe yaonyesha vingine.

Asili yake ni Kiyunani. Kentron, lililotokana na kitendo kentein, yaani kuchoma au kudunga, lilikuwa jina la kitu chenye ncha: fimbo ya kuswagia ng'ombe, mwiba wa nyigu, mkia wa nge. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kukutana nalo pasipo kujua, maana limo katika Agano Jipya. Katika Biblia ya Union Version iliyotolewa 1952, kitu ambacho Sauli anaambiwa ni vigumu kukipiga teke, katika sura ya 26 ya Matendo ya Mitume, kimeitwa mchokoo. Kile ambacho mauti imenyang'anywa, katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, kimeitwa uchungu. Na vile vilivyomo katika mikia ya nzige wa ajabu, katika sura ya 9 ya Ufunuo, vimeitwa miiba. Mahali pote patatu neno la Kiyunani ni hilo hilo kentron. Wafasiri wale hawakuogopa kutumia maneno matatu kwa moja, wala hakuna aliyepata kuwalaumu.

Namna mchokoo ulivyogeuka kuwa jina la kati ya duara yaweza kuonekana katika karakana ya seremala. Bikari ina miguu miwili. Mmoja huchomekwa katika ubao na kutulia. Wa pili huzunguka na kuacha alama. Ule mguu uliochomekwa ndio kentron, na tundu dogo ulilolitoboa likarithi jina lake. Euclid, aliyeandika yapata 300 K.K., amelitumia neno hili katika fasili za kitabu chake cha kwanza: ndani ya duara ipo nukta moja ambayo mistari yote itokayo kwake hadi kwenye mzingo ni sawasawa, na nukta hiyo ndiyo kentron. Naye amekwisha kusema, katika fasili iliyo ya kwanza kabisa, kwamba nukta ni kitu kisicho na sehemu. Basi maana ya neno hili katika hesabu haikuwa "mahali pa ndani", bali "mahali palipodungwa". Hapana upana pale. Wala mtu hawezi kukaa ndani yake. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa kuwa ndipo njia ya Kiyunani na njia ya Kiswahili zilipoachana.

Warumi walilichukua kama lilivyo na kulivisha umbo la Kilatini, centrum. Cicero, katika mazungumzo yake ya Tusculum yaliyoandikwa 45 K.K., akieleza jinsi dunia ilivyo ndogo mbele ya mbingu zote, alisema ni kama nukta ile ambayo Wayunani waiita kentron. Maneno yake yaonyesha kwamba kwa Mrumi wa siku zake neno lilikuwa bado geni. Waarabu walifuata njia nyingine. Kitabu cha Euclid kilipofasiriwa Baghdad na al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar, katika zama za Harun al-Rashid na al-Ma'mun, kentron halikuazimwa kwa sauti yake. Lilipata neno la Kiarabu markaz, kutokana na rakaza, yaani kuuchomeka mkuki ardhini ukasimama wima. Mchokoo wa mchunga ng'ombe umekuwa mkuki wa mpanda farasi, lakini picha ni ile ile ya ncha iliyodungwa. Katika Kiswahili markazi latumika zaidi katika jumuiya za Kiislamu, kwa maana ya makao ya mafunzo ya dini. Kiarabu kina neno jingine, wasat, lenye maana ya kati isiyo na ncha yoyote, nalo ndilo lililotupa wastani. Waswahili, yaonekana, walilitumia zaidi hilo la pili. Mtu wa wastani na bei ya wastani ni maneno ya kila siku, hali markazi si neno la kila siku.

Neno la Kilatini lilipita katika Kifaransa na kuingia katika Kiingereza katika karne ya 14. Miongoni mwa watu wa kwanza kuliandika ni Geoffrey Chaucer, ambaye yapata 1391 alitunga kitabu kidogo cha kueleza chombo kiitwacho astrolabu, akimwandikia mwanawe Lewis, mtoto wa miaka kumi. Sababu aliyoitoa ya kuandika elimu ya nyota kwa Kiingereza ni kwamba Kilatini cha mtoto kilikuwa kidogo. Mwalimu yeyote wa leo anayefundisha sayansi kwa Kiswahili ataielewa sababu hiyo pasipo tafsiri. Na chombo chenyewe kilikuwa na tundu katikati, lililopitishwa kijiti cha kushikilia sahani zake. Hata katika Kiingereza, basi, neno liliingia likiwa bado na ncha yake.

Isidhaniwe kwamba kabla ya hapo Waingereza hawakuwa na neno la kati. Walikuwa na mid na middle, maneno ya asili yao wenyewe. Dunia nzima waliiita middangeard, yaani ua ulio kati. (Msomaji ajihadhari na midwife, jina la mkunga: mid iliyomo humo ni neno jingine la kale lenye maana ya "pamoja na", kwa hiyo mkunga ni yule akaaye pamoja na mwanamke.) Neno jipya halikulifukuza la zamani. Yamekaa pamoja kwa miaka zaidi ya mia sita, kila moja na shamba lake. Mwingereza husema in the middle of the night, wala hasemi in the centre of the night. Aweza kuwa in the middle wa kula, wa kusafiri au wa kugombana, lakini hawezi kuwa in the centre wa mambo hayo. Mtoto wa pili kati ya watatu ni the middle child. Middle huhitaji ncha mbili tu, mwanzo na mwisho, nayo huwa baina yake. Kwa hiyo lafaa kwa wakati, kwa foleni, kwa umri. Centre huhitaji vitu viizunguke. Ndiyo sababu wasahihishaji wa Kiingereza wa karne ya 20 walikemea sana usemi wa centre around, wakidai kwamba nukta haiwezi kuzunguka kitu. Watu wameendelea kuusema.

Kuhusu tahajia, yapo mazoea ya kufikiri kwamba centre ndiyo ya asili na center ni uharibifu wa Wamarekani. Mambo yalikuwa kinyume. Kuanzia karne ya 16 hadi ya 18 Waingereza wenyewe waliandika zaidi center. Ndivyo ionekanavyo katika chapa za Shakespeare na za Milton, na ndivyo ilivyo katika kamusi ya Nathan Bailey iliyotoka 1721 na kuchapwa tena na tena. Aliyelipa nguvu umbo la Kifaransa ni Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755. Noah Webster, alipotoa kamusi yake ya Kimarekani 1828, alishikilia lile la zamani. Kwa Kiswahili ugomvi huu hautuhusu, ila kwa mtu anayesahihisha chapa. Lakini ni kumbusho jema kwamba mara nyingi kilicho "sanifu" ni kile tu kilichochaguliwa na mwenye kamusi.

Kilicho muhimu zaidi ni yale yaliyotukia katika maana. Kwa watu wa karne za kati, dunia ilikuwa katikati ya mbingu zote, na washairi wa Kiingereza waliweza kusema the centre wakimaanisha dunia yenyewe. Shakespeare amemtia Ulysses neno hilo kinywani kwa maana hiyo katika tamthilia ya Troilus and Cressida. Lakini katika fikira za wakati ule kuwa katikati hakukuwa utukufu. Ilikuwa ni kuwa chini kabisa, mahali ambapo vitu vizito huanguka na kutulia, mbali na nuru ya nyota. Copernicus alipotoa kitabu chake 1543 na kuliweka jua mahali pa dunia, nukta ile ilianza kupata heshima. Christiaan Huygens akazungumza juu ya nguvu ikimbiayo kati, na Newton, katika kitabu chake cha 1687, akaunda neno la Kilatini la nguvu iendayo kati. Tangu hapo centre haikuwa tena tundu la bikari lisilofanya lolote. Ilikuwa yavuta. Vitu vikubwa vilivyo mbali viliifuata.

Kutoka hapo kwenda kwenye siasa ni hatua fupi. Mafarakano ya baraza la Ufaransa la 1789 yaliwapa Wazungu kulia, kushoto na kati, kwa kadiri wajumbe walivyoketi; maana hiyo ya kati ni ya ukumbini tu, nayo Kiswahili huifasiri bila shida kwa siasa za mrengo wa kati. Maana nzito zaidi ilitoka katika utawala. Katika karne ya 19 Waingereza waligombana sana juu ya madaraka ya London na madaraka ya wilaya, hasa baada ya sheria ya 1834 iliyoweka misaada ya maskini wa nchi nzima chini ya makamishna waliokaa mji mkuu. Joshua Toulmin Smith aliandika kitabu kizima, 1851, cha kuipinga hali hiyo, na jina lake laweka kujitawala kwa wenyeji upande mmoja na centralization upande wa pili. Hapo ndipo central lilipokamilika kuwa neno la mamlaka. London haiko katikati ya Uingereza. Imo pembeni, kusini mashariki. Aitazamaye kwenye ramani hawezi kuiita central. Lakini neno lilikuwa limekwisha kubeba maana ya nguvu ivutayo, na likaibeba kwa siri, likijifanya kuwa bado lazungumza habari za duara.

Tugeukie Kiswahili. Neno la asili ni kati, nalo ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Kishona husema pakati na mukati, Kizulu phakathi, Kibemba mukati, Kinyarwanda hagati, ambapo k imekuwa g mbele ya t kwa kanuni iitwayo ya Dahl. Ukiyakusanya maneno haya waona kwamba maana yake inakwenda na kurudi baina ya "ndani" na "baina". Kiswahili chenyewe kimeyahifadhi yote mawili: katika, ambalo shina lake ni hilo hilo kati, ni neno la ndani, kati ya Tanga na Pangani ni neno la baina, kati ya watu ni neno la miongoni. Kati si nukta. Ni nafasi, nayo hupimwa kutoka kandoni kuja ndani, hali kentron hupimwa kutoka ndani kwenda kandoni. Mtu aweza kuingia kati, kukaa kati, kuingilia kati ugomvi. Neno hili lina upana wa kuwaweka watu.

Kwa sababu hiyo kati limeyabeba yote mawili ya Kiingereza, middle na central, kila inapokuwa habari ni ya mahali au ya wakati. Mashariki ya Kati na Afrika ya Kati zina neno moja kwetu, ingawa kwa Kiingereza moja ni Middle na nyingine ni Central. Zama za Kati, kidole cha kati, shule ya kati ya siku za ukoloni, Jimbo la Kati la Tanganyika lililotawaliwa kutoka Dodoma: yote ni sawa. Reli ya Kati nayo imeitwa vyema. Wajerumani walianza kuijenga 1905 na ikafika Kigoma 1914, ikikata nchi kati, kusini mwa ile ya Tanga iliyoitangulia. Ni ya kati kwa sababu imepita kati.

Kituo ni jambo la namna nyingine. Limetoka katika -tua, kushusha mzigo. Mpagazi wa msafara alipotua, hapo palikuwa kituo. Ndege atuapo, shairi litulizapo ubeti wake katika mstari wa mwisho, msomaji apumzikapo kwenye alama ya uandishi, pote ni vituo. Siku za leo neno hili limefasiri station ya polisi na ya redio, stop ya basi, na centre ya afya, ya utamaduni na ya walimu. Kwa mtazamaji wa Kiingereza huo ni mchanganyiko. Lakini health centre ya Kiingereza yenyewe si ya zamani. Ilipata nguvu kwa taarifa ya tume ya Lord Dawson ya 1920, na kwa kituo cha Peckham, London, kilichoanzishwa 1926. Maana ya centre hapo haikuwa nukta, wala kati, wala nguvu ivutayo. Ilikuwa ni nyumba moja ambamo huduma nyingi zimekusanywa na watu huijia. Kiswahili kilikuwa na neno la mahali pa kujia na kutua, kikalitumia. Kwa bahati, katika mpango wa huduma za Tanzania kituo cha afya kimo kati ya zahanati na hospitali ya wilaya. Lakini hakikuitwa centre kwa sababu hiyo, wala asiyejua Kiingereza hana haja ya kujua kwamba kiliitwa hivyo.

Suala lenyewe, hata hivyo, limo katika kuu. Neno hili halina hata chembe ya duara. Ni la ukubwa na la daraja. Limefasiri prime katika Waziri Mkuu, high katika Mahakama Kuu, general katika Katibu Mkuu na Mwanasheria Mkuu, na central katika Kamati Kuu, Serikali Kuu na Benki Kuu. Benki ya Tanzania ilipofunguliwa 1966, na ya Kenya mwaka huo huo, hakuna aliyefikiria kusema Benki ya Kati. Masikio ya watu yaliamua. Benki ya kati ingekuwa benki iliyo baina ya nyingine mbili, si ndogo wala si kubwa. Hapo Kiswahili kimefanya kazi ambayo Kiingereza hakikuifanya: kimetenganisha mahali na mamlaka. Kitu chaweza kuwa kikuu nacho kiko pembeni kabisa. Dar es Salaam ulikuwa mji mkuu ukiwa ufukoni mwa bahari, na Mswahili hakuona kinyume chochote katika maneno hayo.

Ndiyo maana hoja ya Dodoma ilieleweka upesi. TANU ilipoamua 1973 kuyahamisha makao makuu ya nchi, sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba Dodoma i katikati ya nchi. Kwa Kiingereza mtu angeweza kusema kwamba serikali ya central yahamia mahali palipo central, na neno likajimeza. Kwa Kiswahili ilibidi isemwe wazi: kilicho kikuu kiende kilipo kati. Waliosikia waliweza kukubali au kukataa, lakini walijua kwamba mambo mawili yameunganishwa kwa hoja, wala hayakuwa yameungana tangu mwanzo katika neno.

Mfano wa pili wa namna hiyo wagusa zaidi. Mwaka uliotangulia, 1972, Tanzania ilianza mpango ambao kwa Kiingereza uliitwa Decentralisation. Jina hilo, kwa kiambishi chake cha kwanza, laahidi kuondoa nguvu kutoka kati. Kwa Kiswahili uliitwa Madaraka Mikoani. Hapana kati humo, hapana kuu, hapana kuondoa. Pana madaraka, na pana mahali yalipo. Sasa katika mpango huo mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa yalivunjwa, na kazi zake zikapewa maofisa walioteuliwa na Serikali Kuu na kupelekwa mikoani. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za 1982. Waandishi wengi wa Kiingereza wameuona mpango ule kuwa kinyume cha jina lake. Lakini ni kinyume cha jina lake la Kiingereza tu. Jina la Kiswahili lilisema madaraka yatakuwa mikoani, nayo yakawa mikoani. Halikusema yatakuwa ya nani. Mfasiri ambaye angelazimishwa kutafuta neno moja la centre, na kulitungia kinyume chake, angetoa istilahi nadhifu zaidi na yenye uongo zaidi.

Pamoja na hayo si kila mahali matumizi yametulia. Magazeti ya Dar es Salaam yamekiita kituo cha polisi kilicho katikati ya mji, mara Kituo Kikuu, mara Kituo cha Kati, na mtu asiyejua mji angeweza kufikiri ni viwili. Hapo ndipo kanuni ya istilahi moja ingefaa kusaidia, kwani hilo ni jina la mahali pamoja, wala dhana zenyewe hazishindani.

Mafundi hawakungoja. Wajenzi na makanika husema senta, na kwao neno hilo lina ukali wa Euclid: ni mstari au alama ambayo vipimo vyote hutokea kwake, nayo ikikosewa kwa unene wa kidole nyumba nzima yakaa upande. Kati isingewatosha, kwa kuwa kati ina upana. Wachezaji wa mpira nao walikuwa na senta na sentafowadi, kabla ya watangazaji kuzoea mshambuliaji wa kati. Lakini mpira baada ya goli huwekwa kati, na kelele za mashabiki husema hivyo hivyo.

Limebaki neno kitovu. Katika hesabu lakubalika, na katika habari za matetemeko pia. Lilipotokea tetemeko la Kagera, Septemba 2016, waandishi walizungumza juu ya kitovu chake. Lafaa kwa sababu kitovu ni alama, ni kidogo, na mwili wote umelizunguka. Lakini lina uzito ambao kentron haina. Kitovu ni mahali mtu alipofungamana na mamaye. Mswahili husema ni pale kilipozikwa kitovu chake, na maana yake ni kwao, asipoweza kukanwa. Hapo ndipo mfasiri wa elimu ya jamii anapokwama. Raúl Prebisch, mchumi wa Argentina, mwishoni mwa miaka ya 1940 aliyagawa mataifa katika centre na periphery, na mgawo huo ukasomwa sana katika vyuo vikuu vya Afrika. Ngũgĩ wa Thiong'o aliutumia kwa namna yake katika insha alizozitoa 1993 chini ya jina la Moving the Centre, akitaka centre ya utamaduni iondolewe katika Ulaya na kuwekwa katika sehemu nyingi za dunia, na ndani ya kila nchi iondolewe kwa wachache na kuwekwa kwa watu.

Jaribu kulifasiri jina hilo. Kuhamisha Kituo ni habari ya mtumishi wa serikali aliyepewa barua ya uhamisho. Kuhamisha Kati si Kiswahili. Kuhamisha Ukuu kwasema juu ya mamlaka, nayo ndiyo nusu ya hoja ya mwandishi, lakini mahali pamepotea, na yeye alikuwa azungumza pia juu ya mahali mtu asimamapo anapoutazama ulimwengu. Kuhamisha Kitovu kwasikika vizuri, ila kitovu hakihamishwi. Na huenda mtu angejibu kwamba hilo ndilo alilolikusudia Ngũgĩ, yaani kwamba walioambiwa kitovu chao ki Ulaya walidanganywa, kwa kuwa hakikuzikwa huko. Ikiwa ndivyo, jina la Kiswahili lingehitaji kitendo kingine, si kuhamisha bali kurudia. Periphery, kwa upande wake, halikumsumbua mfasiri yeyote. Pembezoni ni pembezoni.